Pijo ya Filomena

Injini ikikamata haipigi kelele. Watu hawalijui hilo. Wanadhani gari likifa litakuwa limelia, limetoa moshi, limekuaga. Yangu ilikufa kimya kwenye banda la makuti hapa Chanika, kuku wakawa wanatagia siti ya nyuma, nami naipita kila asubuhi nikienda kunawa, kama unavyompita jirani uliyegombana naye.

Ni Pijo 404, steshenwagoni, rangi ya maziwa. Niliipata shirika letu lilipouzwa. Wakubwa waligawana nyumba na viwanja, sie madereva tukaambiwa tuchague kwenye makorokoro. Nikachagua hiyo. Aliyeipa kazi ni marehemu mke wangu, Filomena. Mihogo na nazi, kutoka hapa mpaka sokoni Temeke, yeye kakaa mbele na mimi, mtoto wetu Herieth kalala nyuma juu ya magunia.

Habari ya mtaro sipendi kuisema, lakini bila mtaro hakuna cha kusimulia. Waliokuja kutengeneza barabara walichimba mtaro mbele ya geti langu, wakaondoka. Hakuna kalavati, hakuna ubao wa kuvukia, hakuna samahani. Gari likabaki ndani. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Isack Kamugisha. Akanijibu kwamba suala hilo liko juu. Kila jambo la nchi hii liko juu; chini tupo sie tu. Siku Filomena alipoanguka uani, gari lilikuwa zima, mafuta yamo, na mie dereva wa maisha nimesimama na ufunguo mkononi. Alipakiwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili, shingo inalegea. Alifia kwenye benchi la zahanati, foleni haijamfikia. Tangu hapo Pijo sikuiwasha tena.

Herieth siku hizi ni mwalimu huko Boko. Mwaka huu kapata mchumba, kijana wa watu, sina neno naye. Jumapili moja Herieth alikuja nyumbani tukae na shangazi yake, dada yangu Tekla, kupanga sendofu, shughuli yake ya kuagwa.

"Baba, mie sitaki gari la kukodi," akasema. "Nataka unitoe hapa nyumbani na gari la mama. Uendeshe mwenyewe."

Tekla akaangua kicheko. "Gari gani? Hilo la kuku?"

"Hilohilo, shangazi. Kuku watahama."

"Usije ukaingia ukumbini na manyoya kichwani, wakwe wakadhani tumekupika."

Nikasema litawaka. Nilisema haraka, Tekla hajamaliza kucheka. Tangu mama yake afariki huyu mtoto hakuwahi kuniomba kitu. Yeye ndiye alikuwa ananipa. Sukari, dawa ya presha, vocha. Sasa kaniomba kimoja. Nikaona nikikosa hiki, siku ya shughuli nitawekwa pale meza ya wazazi kama kiti kilichovikwa shati.

Fundi nilimpata mtaani hapahapa, pale kijiweni anapopaki pikipiki yake. Romani, mtu wa kusini kama mie, mikono mikubwa, maneno machache. Kapanga chumba kwenye nyumba ya mwenyekiti, jambo ambalo halikunipendeza, lakini magari ya zamani hakuna mwingine anayeyajua. Akafungua boneti, akachomeka hendeli pale mbele, akajaribu kuzungusha injini. Ikawa kama anazungusha mti.

"Imekamata, mzee," akasema. "Ringi za pistoni zimeshikana na ukuta. Kutu."

Nikamletea nyundo. Akaitazama, akacheka kidogo.

"Kutu hapigwi, mzee wangu. Kutu anabembelezwa kama mke aliyenuna."

"Mie sina mke."

"Nisamehe, mzee."

Akang'oa plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Kwenye kila tundu akamimina dawa yake, dizeli kachanganya na ile oili nyekundu ya giaboksi, kidogokidogo, kama anamtia mtoto dawa ya sikio. Kisha akaziba matundu kwa vitambaa. "Iache ilowe. Dawa itajipenyeza yenyewe. Usiiguse."

Kila asubuhi akaja, akagusa hendeli kwa kiganja, akaondoka. Nilichoka kumwangalia. Kazi gani hii ya kugusa na kwenda? Lakini Jumatano akaniita. "Weka mkono hapa." Nikaweka. Hendeli ikacheza, kidogo sana, kama jino linalotaka kung'oka. Romani akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza. Mie nikageuka nikajifanya nafukuza kuku, maana macho yalikuwa yamejaa.

"Kesho sipo," akasema. "Naenda Kigamboni, kuna msiba wa mtu wetu. Ijumaa nakuja, tunaitapisha mafuta yote, ndipo tunafunga plagi na kuiwasha. Sanduku la spana naliacha hapahapa. Mzee, asiiguse mtu."

"Nani aiguse? Kuku?"

Alhamisi akaja Kamugisha. Ni yeye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sendofu pia, Tekla ndiye aliyemchagua bila kuniuliza. Wiki hiyo alikuwa kaleta vijana wakaweka slebu ya zege juu ya mtaro wangu, eti wageni wapate pa kupita. Miaka yote hiyo suala lilikuwa juu. Wageni walipotajwa likashuka.

"Shikamoo, mzee Leodegar."

"Marahaba. Umekuja kukagua zege lako?"

"Hapana, mzee. Kamati ilikaa jana. Tumeona, isiwe tabu, mpwa wangu ana Harrier nyeupe. Kama hii Pijo itasumbua, mtoto atatoka na ile. Nitaendesha mwenyewe, bure."

Aliyasema vizuri, siwezi kumsingizia kwa hilo. Lakini mie nilisikia lingine. Nilisikia mtu aliyenifungia gari langu ndani anakuja kunipa lifti kwenye shughuli ya mwanangu.

"Kamugisha, mke wangu alipotaka gari, Harrier ilikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Mzee, mtaro sikuchimba mie."

"Na zege hukuweka wewe. Nyie hamchimbi wala hamweki. Mnakunywa tu chai." Nikampungia mkono aondoke. "Jioni utaisikia Pijo inalia mpaka kwako. Usikie wewe na mpwa wako."

Alipotoka tu, nikavua shati.

Nikachomeka hendeli, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikazunguka robo! Nzito, inakwaruza, lakini ikaenda. Nikasema mwenyewe kwa sauti, Filomena, unaona? Nikajiambia, kama dawa kidogo imefanya hivi, dawa nyingi itamaliza kazi. Romani anamimina kwa ubahili kwa sababu analipwa kwa siku. Nikachukua dizeli iliyobaki kwenye dumu, nikang'oa vitambaa, nikajaza kila tundu mpaka juu. Halafu nikawaza, gari litasukumwa, litayumba, dawa itamwagika. Basi nikazirudisha plagi zote nne, nikazikaza kwa spana ya Romani mpaka mkono ukauma. Plagi nimefunga maisha yangu yote. Dereva gani hajui kufunga plagi?

Nikajaribu hendeli tena. Ikaenda kidogo, ikagota. Ilikuwa inagota vibaya, kama imekuta jiwe. Nikasema kutu kajificha, anataka kushtuliwa. Nikaazima betri kwa mtu wa bajaji, nikapandisha tairi upepo, nikaenda kijiweni kwa vijana wa bodaboda.

Mtaani kwetu gari likigoma halina mwenyewe. Ukisema "jamani, mkono," mtu anaacha chapati yake sahanini anakuja kusukuma, na hakuna anayeuliza limeharibika nini. Kusukuma ndiyo dawa ya kwanza na ya mwisho. Wakaja wote. Wakaja na mafundi seremala, wakaja na mama wauza mihogo ya kukaanga, wakaitoa Pijo bandani, kuku wanapiga kelele, ikavuka lile zege la Kamugisha, ikaingia barabarani. Na wimbo juu. Mie ndani nimeshika usukani, nasikia harufu ya siti ileile. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona mtu kama ile.

"Mzee, tia gia!"

Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Tairi za nyuma zikagoma kuzunguka, zikaburuzika, vumbi likapanda. Kimya.

"Tena!"

Zikaburuzika tena. Kijana mmoja akapiga bodi. "Mzee, hii siyo gari, hii ni kabati!" Watu wakacheka. Na pale pembeni, nje ya duka, nikamwona Kamugisha kasimama na simu mkononi, anatazama. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Likapita Kenta la mchanga, dereva anaitwa Rogers, namjua. Nikamsimamisha. Tukafunga mnyororo. Rogers akaniuliza, "Mzee, una hakika? Mbona tairi zinagoma?" Nikamwambia vuta.

Akavuta. Pijo ikaburuzika, ikaburuzika, kisha ndani ikapiga, mara moja tu, kama mtu kavunja gogo kwa goti. Tairi zikaachia, gari likawa jepesi, watu wakashangilia wakidhani imekubali. Mie nilijua. Chini yake mafuta yalikuwa yanatiririka barabarani, meusi na mekundu, yanafuata mteremko kuelekea mtaroni.

"Imenoki," Rogers akasema akichungulia. "Injini imetoboka, mzee."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Watu wote wale walikuwa wananitazama, na sikuweza kutazamwa hivyo.

"Romani!" nikasema. "Romani kaniua! Kamwaga nini humu? Siku zote hizi anagusagusa, kumbe anaiua! Na anakaa nyumba ya nani? Semeni! Anakaa nyumba ya mwenyekiti. Katumwa huyu! Walinifungia gari kwa mtaro, sasa wamelimaliza kwa dawa!"

Wakaamini. Kwa nini wasiamini? Mtu mzima, mjane, anatetemeka mbele ya gari la marehemu. Kijana mmoja akampigia Romani simu palepale, huko msibani, akaweka sauti ya juu wote tusikie, akamtukana. Tukasikia upande wa pili watu wanaimba nyimbo za msiba, na Romani anasema tu, "Naam? Naam? Nani amesema?" Mwingine akasema asionekane kijiweni na ile pikipiki yake. Nami nikatangaza kwamba sanduku la spana halitoki kwangu. Kamugisha alisikia yote. Akaweka simu mfukoni, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Romani alikuja kwa miguu. Herieth alikuwa keshafika kulala nyumbani, na Tekla alishamweleza habari ya Romani kama nilivyomweleza mimi.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia. Akaingia bandani, tulikokuwa tumelirudisha gari. Akachungulia chini, akatazama tundu ubavuni mwa injini. Halafu akatazama plagi. Alizitazama kwa muda. Akachukua spana, akafungua moja. Dizeli ikachuruzika, ikamlowesha vidole, ikamlowesha kiatu. Na mie nilikuwa nimesimama nyuma yake. Dereva wa maisha. Nilielewa kabla hajasema.

Akasema chinichini, Tekla asisikie pale jikoni. "Uliongeza, mzee. Ukafunga."

Nikatazama dizeli inavyodondoka.

"Hewa inabanwa. Mafuta hayabanwi. Lile Kenta lilipovuta, pistoni ikagonga mafuta kama inagonga ukuta. Ule mkono wa pistoni ukapinda, ukatoboa injini." Akapangusa vidole kwenye suruali. "Na ilikuwa imeshaachia, mzee. Leo ingewaka."

Bora angepiga kelele. Alisema kama anayetoa pole.

Herieth akatoka ndani, kitenge kifuani, hina mbichi mikononi. "Wewe ndiye fundi Romani?"

"Ndiyo, dada."

"Una raha sasa? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha mama yangu. Kimoja! Walikulipa ngapi?"

Romani akanitazama. Mara moja tu. Nilikuwa natazama kuku. Akainama, akasema, "Nisamehe, dada. Chuma cha zamani kina bahati mbaya yake. Naomba tu sanduku langu."

"Sanduku?" Herieth akaliona pale ukutani. Akalishika na hina yake vilevile, akaanza kuliburuza kwenda getini, zito, spana zinagongana ndani. "Sanduku likaoge mtaroni! Si ndiyo yenu, mitaro?"

"Dada, hizo ndizo zinazonilisha."

"Na mie umeniachia nini?"

Hayo maneno yalikuwa yangu. Kila neno. Mwanangu msomi, mwalimu, anayefundisha watoto wa watu adabu, alikuwa anaongea kwa mdomo wangu, na hasira yangu imemkaa usoni, imemharibu sura. Alikuwa keshalifikisha kwenye zege.

"Herieth. Acha."

"Baba niache!"

"Nilifunga mie."

Akasimama. Nikasema tena, kwa sababu sauti ya kwanza haikutoka vizuri. "Plagi nilifunga mie. Nilijaza dizeli nikafunga. Romani alinikataza. Gari nimeliua mie."

Tekla akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Herieth akauliza, "Umejua lini?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi lini, baba? Kabla sijabeba hili sanduku, au baada?"

Nilifundishwa na nani kumzaa mtoto anayejua kuuliza hivyo?

"Kabla," nikasema.

Akaliachia sanduku taratibu, kama lina mayai. Hina ilikuwa imemvurugika yote viganjani, maua yamekuwa matope. Akaingia ndani bila kunitazama. Romani akalibeba sanduku begani. "Niwatakie shughuli njema," akasema, na akaondoka. Alikuwa kwenye orodha ya waalikwa. Hakuja.

Jumamosi matarumbeta yalifika, watu wakajaa uani, na ile Harrier nyeupe ikasimama juu ya zege, imefungwa maua. Nilivaa suti. Nikamwambia Tekla akae yeye na mtoto, mie nitafuata kwa bajaji. Herieth akasema kutoka ndani ya gari, macho mbele, "Baba, panda." Nikapanda mbele, kando ya Kamugisha. Walikuwa wamempaka hina upya usiku, lakini nilijua chini yake kuna ile nyingine.

Tukaondoka polepole, matarumbeta mbele. Tulipofika kijiweni, vijana wote wamesimama kwenye pikipiki zao wanapiga honi. Romani hakuwepo. Pikipiki yake haikuwepo. Nikasema, "Simama."

"Mzee, ukumbi unasubiri," Kamugisha akasema.

"Simama hapa."

Akasimama. Matarumbeta yakaenda hatua kadhaa, yakakatika moja moja, wapigaji wanageuka. Nikafungua mlango nikashuka na suti yangu, vumbini, mbele ya watu walewale waliosukuma.

"Jamani," nikasema. "Juzi nilisema Romani kaiua Pijo. Romani hana kosa. Niliiua mie. Nilifunga plagi na mafuta yamejaa ndani. Aliyempigia simu msibani ampigie tena. Pikipiki yake ipaki hapa kama zamani."

Yule aliyeniambia gari langu ni kabati akaguna. "Yaani mzee, tulitoka jasho lote lile kukusaidia kuivunja?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa dereva?"

"Nilikuwa dereva."

Kikapasuka kicheko, mpaka wapiga tarumbeta wakacheka. "Mzee Plagi!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakapokea. "Mzee Plagi! Mzee Plagi!" Walimpigia Romani, hilo nilihakikisha, nilisimama mpaka nikasikia anaitwa kaka. Lakini hilo jina limebaki. Hata watoto wa shule wananiamkia nalo, shikamoo Mzee Plagi, na mie naitikia marahaba.

Nikarudi kwenye gari. Herieth alikuwa anatazama mikono yake.

"Na mwenyekiti je?" akasema polepole. "Kwamba alimtuma. Hilo nalo si ulilisema hapahapa?"

Kamugisha alikuwa kashika usukani, anatazama mbele, masikio yake nayaona. Angeweza kukohoa, angeweza kunigeukia. Nilifungua mdomo. Nikauona mtaro, nikaiona ile bodaboda, shingo ya Filomena inalegea. Sikutaka huyu mtu awe hana kosa. Kama hili hakufanya, nitaanzaje kumchukia kwa lile?

Kamugisha akanisubiri. Alisubiri sana, kisha akasema, "Funga mlango, mzee. Vumbi linaingia kwenye gauni la mtoto."

Nikafunga. Matarumbeta yakaanza. Sikusema, na mpaka leo sijasema.